Umeme ukirudi, modeli hupiga kelele

Hapa Lubumbashi umeme ukirudi jioni, simu, kompyuta na printa zote hukimbilia ruta kwa pamoja. Modeli yangu ya kwanza ya kunasa wavamizi wa waifai, yaani programu inayojifunza kutoka kwa data, iliona hapo shambulio. Siku ya tatu mwenye ofisi akaniambia: "Papa, mashine yako inalia bure." Alikuwa na haki.

Nilikuwa nimeifunza kwa AWID, mkusanyo wa data wa Chuo Kikuu cha Aegean, Ugiriki. Ni kazi ninayoiheshimu: kila fremu (kipande kimoja cha ujumbe wa waifai) ina sifa zaidi ya 150, na imeandikwa kama ni ya kawaida au ya shambulio. Ila waifai yao haikujua delestaji, umeme kukatwa kwa zamu. Tena angalia: zaidi ya asilimia 90 ya fremu zake ni za kawaida, kwa hiyo hata modeli inayojibu "salama" kila mara itapata alama za juu. Mimi huuliza imenasa mashambulizi mangapi, na imelia bure mara ngapi.

Shambulio ninaloliwinda ni la kukata watu mtandaoni. Mvamizi hutuma fremu za kuaga kwa jina la ruta yako. Simu huamini, hukatika. Kisha mvamizi hufungua mtandao wa bandia wenye jina lilelile na kungoja watu waingize nywila. Kinga ya fremu hizo ilikuja na kanuni ya waifai iitwayo 802.11w mwaka 2009, na WPA3, mfumo wa usalama wa waifai wa 2018, ikaifanya lazima, lakini ruta nyingi ninazozikagua bado ziko WPA2, mfumo wa kabla yake, kinga imezimwa.

Basi nikarekodi waifai ya hapa kwetu, umeme ukienda na ukirudi. Umeme ukirudi, vifaa vingi huomba kuingia, kila kimoja kwa nguvu yake ya mawimbi. Kwenye shambulio, fremu za kuaga ndizo humiminika, zote kwa jina la ruta, lakini nguvu si yake na namba za mfuatano za fremu zinaruka, kwa sababu redio mbili zinahesabu chini ya jina moja. Sifa iliyonisaidia kuliko zote ni saa iliyomo ndani ya fremu za ruta za kujitangaza: huhesabu mikrosekunde, na ruta ikizimika huanza tena sifuri. Modeli ikiisoma, inajua ruta imewaka sasa hivi, inatulia.

Hapo ndipo penye hatari mpya: mvamizi anayengoja dakika hiyohiyo umeme unaporudi. Wiki hii ninaishambulia ruta yangu mwenyewe katika dakika hizo, ili modeli ijifunze.