Ndui ilipoingia Boston mwaka 1901: maswali na majibu

Ndui ni tetekuwanga kali tu?

Hapana, ni magonjwa mawili tofauti. Ndui ilianza kwa homa kali na maumivu ya mgongo, siku kama 12 baada ya mtu kuambukizwa. Kisha vipele vikajaa usoni, mikononi na miguuni, vigumu ukivigusa na vyote vikiiva pamoja. Vya tetekuwanga huzidi kifuani na mgongoni, na vingine hukauka huku vingine ndiyo kwanza vinachomoza. Ndui kali iliua watu kama 3 kati ya 10. Aliyepona alibaki na mashimo usoni, na wengine walipofuka.

Boston walifanya nini?

Mji huo wa Marekani ulipata wagonjwa 1,596 kati ya 1901 na 1903, na 270 kati yao walikufa. Dawa ya kuponya haikuwepo. Mabwana afya waliwatenga wagonjwa, wengine wakavushwa hadi kisiwa cha Gallops. Walifungua vituo vya chanjo ya bure, kisha Januari 1902 wakaanza kupita nyumba kwa nyumba. Aliyekataa alitozwa faini ya dola 5.

Lakini katika nyumba za kulala maskini wasio na makazi, wachanjaji walikwenda usiku na polisi, na waliogoma walishikwa wakachanjwa kwa nguvu. Wenye nyumba zao hawakutendewa hivyo. Naamini chanjo kwa moyo wote, na jambo hili bado linaniuma.

Kuchanjwa kwenyewe kulikuwaje?

Mchanjaji alichubua ngozi ya mkono karibu na bega, akapaka majimaji yaliyotolewa kwenye malengelenge ya ndama. Virusi vyake ni ndugu wa ndui, ila ni vipole zaidi. Baada ya siku chache pale palivimba, pakawa lengelenge, pakatunga usaha, kisha gaga likadondoka kwenye wiki ya tatu na kuacha kovu. Kwa kibarua anayebeba mizigo, mkono uliovimba ulimaanisha siku kadhaa bila ujira.

Basi waliokataa walikuwa wajinga?

Wapo waliopotosha watu. Daktari Immanuel Pfeiffer, mpinzani wa chanjo, aliingia hospitali ya ndui kisiwani Gallops Januari 1902 kuonyesha kwamba haogopi. Wiki chache baadaye akaugua ndui, nusura afe.

Ila hofu nyingine ilikuwa na msingi. Mwishoni mwa 1901, huko Camden, New Jersey, watoto 9 waliochanjwa walikufa kwa pepopunda. Wakati ule hakukuwa na sheria ya taifa ya kukagua viwanda vya chanjo. Mzazi aliyesikia habari hizo akamficha mwanawe, mimi simlaumu. Kilichohitajika ni chanjo safi, na mwaka 1902 Marekani ilipitisha sheria ya kuwapa watengenezaji leseni na kuwakagua.

Je, kuna aliyekwenda mahakamani?

Ndiyo. Ng'ambo ya mto, mjini Cambridge, mchungaji Henning Jacobson alikataa, akisema chanjo ya utotoni huko Sweden ilimuumiza sana. Kesi yake ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1905 majaji 7 dhidi ya 2 waliamua kwamba serikali inaweza kuagiza chanjo ili kulinda umma. Adhabu yake ilibaki ile faini ya dola 5.

Bibi yangu ana kovu begani. Ni la chanjo ya ndui?

Huenda. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, Oktoba 1977. Ulimwengu ulitangaziwa mwaka 1980 kwamba ndui imekwisha, na uchanjaji wa umma ukakoma. Kama umezaliwa baada ya hapo, kovu lako yamkini ni la chanjo ya kifua kikuu. La bibi muulize mwenyewe: wengi wa rika lake wanaikumbuka siku waliyopangwa foleni.