Kirusi kinapogeuzwa mbebaji wa dawa

Wakazi wengi wa Dar es Salaam wameshachomwa kirusi mbebaji bila kujua kwamba kinaitwa hivyo. Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua chanjo ya UVIKO-19 Ikulu hapa jijini, na shehena ya kwanza, zaidi ya dozi milioni moja, ilikuwa ya Janssen, ile ya sindano moja. Ndani yake hamkuwa na kirusi cha korona hata kimoja. Mlikuwa na adenovirusi namba 26, wa jamii ya virusi vinavyoleta mafua, kilichoondolewa sehemu ya jeni inayokiwezesha kuzaliana, kikapachikwa maelekezo ya kutengeneza protini moja tu ya korona. Kikiingia kwenye seli kinakabidhi maelekezo, basi, kazi yake imekwisha.

Kutoka kwa wazazi wenye watoto wa selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, swali linalotujia sisi madaktari ni jingine: "Daktari, nasikia hiyo tiba mpya ya Wamarekani inatumia virusi vya UKIMWI. Kweli?" Kweli, na heri kulisema wazi. Lyfgenia, tiba ya jeni ya selimundu iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2023, hutumia mbebaji aliyeundwa kutokana na VVU. Virusi hivi ni mafundi wa kupachika jeni zao ndani ya jeni za seli, zikakaa humo kwa maisha yote ya seli hiyo. Watafiti waliutaka ufundi huo bila ugonjwa wake.

VVU vina jeni tisa. Katika wabebaji wa kisasa sita hutupwa kabisa, ikiwamo ile ya ganda la nje, na nafasi ya ganda hilo huchukuliwa na la kirusi kingine, cha mifugo. Tatu zilizobaki zinahitajika maabara tu: huwekwa kwenye vipande tofauti vya DNA, humuunda mbebaji, kisha zenyewe hubaki hukohuko. Kinachopakiwa na kusafiri ni jeni inayofanya kazi vizuri ya himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, ambayo ndiyo yenye kasoro kwenye selimundu. Tena mgonjwa mwenyewe hachomwi kirusi. Seli mama za damu huvunwa mwilini mwake, hupachikwa jeni maabara, naye hupewa kemotherapi kali ya kusafisha uloto, yaani kiini cha mifupa kinachotengeneza damu, kabla ya kurudishiwa seli zake. Mimi hiyo kemotherapi inanitia hofu kuliko kirusi, kwani inaweza kumharibia mtu uwezo wa kuzaa. Na dawa hiyo ina onyo rasmi kuhusu saratani ya damu, hivyo mgonjwa hufuatiliwa kwa miaka mingi.

Historia ya fani hii haijawa nyeupe. Septemba 1999 kijana wa miaka 18, Jesse Gelsinger, alifariki Marekani katika jaribio la tiba ya jeni, baada ya kinga yake kuupiga vita vikali mzigo mkubwa wa adenovirusi aliopewa. Majaribio mengi yalisimamishwa na masharti yakakazwa.

Sisi hapa hatujawa watazamaji. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kiliendesha jaribio la chanjo ya VVU liitwalo HIVIS-03, na watu 60 wenye afya njema waliojitolea walikuwa askari polisi wa Dar es Salaam. Mbebaji alikuwa MVA, ndugu wa virusi vya ndui, kilichokuzwa kwenye seli za kuku zaidi ya mara 500 hadi kikapoteza uwezo wa kuzaliana ndani ya binadamu. Jambo moja la majaribio ya aina hii huwa halisemwi vya kutosha: aliyechanjwa anaweza kwenda kupima VVU kwa kipimo cha haraka kikasoma "chanya" ilhali hana maambukizi, kwa sababu kipimo kinaona kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili, zilizoletwa na chanjo. Anayeshiriki anapaswa kulijua kabla ya kutia saini, na kupimwa kwa kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe. Fikiria mtu huyo akipimwa kwa bahati mbaya mahali wasipojua habari zake.

Kingamwili ndizo zinazonifanya niamini kwamba utafiti huu lazima ufanyike kwetu. Adenovirusi namba 5 ilipendwa sana maabara za nje, lakini watu wengi zaidi wa Afrika wana kingamwili dhidi yake kuliko watu wa Ulaya, kwa kuwa walishaipata utotoni. Mbebaji akifika, kinga inamkamata mlangoni na dawa inapotea bure. Ndiyo sababu moja ya watafiti wa Oxford kutumia adenovirusi ya sokwe katika chanjo yao ya UVIKO-19. Dozi iliyopimwa kwa damu ya watu wa London haitupi uhakika kwa mtoto wa Temeke.

Tanzania inakadiriwa kuzaa watoto takriban 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Lyfgenia ilitangazwa kwa dola milioni 3.1 kwa mgonjwa mmoja. Kwa sasa tulichonacho ni haidroksiyurea, dawa ya kumeza ya kupunguza makali ya selimundu, kliniki, na upandikizaji uloto kwa wachache. Ukikuta mtu anatangaza "tiba ya jeni" ya selimundu kwenye status ya WhatsApp, muulize seli mama anazivuna hospitali gani, na kemotherapi inasimamiwa na daktari yupi. Mtoto aendelee na dawa zake.