Anza kwa kuzima taa ya dari

Kazi yangu ni kupanga nyumba za watu, na kila sikukuu za majira ya baridi zikikaribia napokea lalamiko lilelile: tumenunua mablanketi, mito na mishumaa, lakini sebule bado haikaliki. Nikifika, kabla sijavua koti, natazama juu. Karibu kila mara nakuta taa moja nyeupe pe katikati ya dari, inawaka utadhani tunasubiri mgonjwa wa upasuaji.

Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini. Mwali wa mshumaa uko karibu na 1,900, balbu ya zamani ya waya karibu na 2,700, na taa nyeupe za maofisini huanzia 4,000 kwenda juu. Namba ikipanda, mwanga unazidi kuelekea buluu, na buluu ndiyo inayozuia melatonini, homoni inayouarifu mwili kwamba usiku umeingia. Ndiyo maana mtu yuko likizo, saa tatu usiku, kajifunika gubigubi, na mwili wake bado uko kazini. Soma boksi la balbu kabla ya kulipa: chukua 2,700, au 2,200 ukizipata. Taa mbili tatu ndogo zinatosha, zikae chini ya macho ya mtu aliyeketi: mezani, kwenye rafu, hata sakafuni. Kona nyingine ziache na giza lake. Wateja hubishana nami hapo, nami huwaomba wajaribu jioni moja tu.

Baada ya taa naangalia kochi liko wapi. Nyumba moja, kipimajoto ukutani kilisoma nyuzi 22, lakini mama mwenye nyumba alikuwa amekunja miguu huku amejivutia shali kwenye bega la kushoto. La kushoto tu. Kochi lilikuwa limebanwa kando ya dirisha kubwa, na bega hilo ndilo lililoelekea kioo. Ngozi yetu ina joto la nyuzi 33 hivi, na hulitoa kuelekea kitu chochote cha baridi kilicho karibu, hata kama hewa ya chumbani imepashwa vizuri. Kuongeza hita kusingemsaidia sana. Tulihamishia kochi kwenye ukuta wa ndani, tukashusha pazia zito jua lilipozama. Hatujamaliza kunyoosha zulia, shali lilikuwa limeshatupwa kwenye mkono wa kochi. (Pazia lisifunike hita iliyo chini ya dirisha, la sivyo utakuwa unapasha kioo.)

Na koo linalowasha asubuhi? Mara nyingi si mafua, ni hewa kavu. Hewa ya nje yenye nyuzi sifuri haibebi hata gramu 5 za mvuke kwa mita moja ya ujazo, ilhali yenye nyuzi 20 inaweza kubeba gramu 17 hivi. Ukiipasha bila kuiongezea maji, unyevu wake hushuka chini ya asilimia 30. Punguza hita nyuzi mbili, vaa soksi za sufu.

Mishumaa, kwa kifupi: kata utambi ubaki milimita 6 hivi kabla ya kuwasha, la sivyo itaacha masizi darini, na usiuache ukiwaka ukaenda kulala. Ya manukato siipendi. Baada ya nusu saa kichwa kinaniuma.

Kinachobaki ni mkono kufikia. Ukishaketi, kitabu, kikombe na swichi ya taa viwe karibu kiasi kwamba huna sababu ya kuinuka, maana kila unapoinuka utaona chombo cha kuosha. Chaja ya simu iende mbali. Yangu iko koridoni, juu ya rafu ya viatu, penye baridi kuliko kote nyumbani. Nikitaka simu lazima nitoke kwenye blanketi, na mara nyingi sitoki.