Karatasi ya sefu wa kartie si sertifika

Hapa Lubumbashi, mtu mwenye akiba ndogo, ambaye benki haiwezi kumkopesha, huambiwa hivi: kusanya pesa ya likelemba (mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu), nunua parsele ya bei rahisi pembezoni mwa mji, muandikiane mbele ya mashahidi, sefu wa kartie (kiongozi wa mtaa) apige muhuri, na kiwanja ni chako.

Ni imani inayoeleweka. Wazazi wetu wengi walipata nyumba kwa njia hiyo na hawakusumbuliwa.

Lakini sheria ya ardhi ya Kongo ya 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Raia hupewa haki ya kuutumia, na kwa kifungu cha 219 haki hiyo inathibitishwa na sertifika ya kuandikisha (hati rasmi ya Serikali) peke yake. Karatasi ya mauzo inaonyesha tu kwamba mmepatana na pesa imetoka. Muuzaji yuleyule anaweza kuandika nyingine kama hiyo kwa mnunuzi wa pili, na kwa mtu aliyejinyima miaka mitano hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kabla ya kutoa hata avansi, omba namba ya kadastre (namba ya kiwanja katika rejista ya ardhi), uende mwenyewe kwenye ofisi ya ardhi ya eneo hilo, uulize ni jina la nani limeandikwa, na kama kuna rehani au kesi. Dai risiti ya kila ada. Kisha fika kiwanjani, uongee na majirani kuhusu mipaka. Mkichanga ndugu watatu, majina yote matatu yaingie kwenye sertifika.