Ahadi ya Maendeleo Endelevu Inavyogeuka Kuwa Sheria ya Nchi

Kuingiza ahadi za maendeleo endelevu katika sheria ya nchi ni kulichukua jambo ambalo serikali imelikubali mbele ya mataifa mengine na kulipa nguvu ya kisheria nyumbani, ili mwananchi aweze kulidai, ofisa alazimike kulitekeleza na mahakama iweze kuliamua. Kwa Tanzania hatua hiyo haiji yenyewe. Bunge huridhia mikataba kwa mujibu wa Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba, lakini kuridhia huifunga nchi kwa mataifa wenzake tu. Mkataba haumfikii mkulima wa Mbarali mpaka itungwe sheria inayoubeba.

Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu, yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, yako mbali zaidi na mahakama, kwa sababu si mkataba. Hakuna atakayeshtakiwa kwa kutoyafikia ifikapo 2030. Yanapata meno pale tu yanapokutana na sheria za ndani, ambazo nyingine zilitungwa kabla yake.

Mfano ulio wazi kwa wakazi wa Nyanda za Juu Kusini ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Sheria hiyo inatambua haki ya kila mtu anayeishi Tanzania kuwa na mazingira safi, salama na yenye afya, na inampa nafasi ya kufungua shauri haki hiyo inapovunjwa. Kifungu chake cha 57 kinazuia, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, shughuli za kudumu au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kudhuru hifadhi ya ukingo huo. Sababu yake inaeleweka kwa yeyote anayeujua Ruaha Mkuu, mto ambao tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi katika sehemu inayopita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha.

Sasa tazama vinyungu, yaani bustani za bondeni ambazo familia za Iringa na Njombe hulima kiangazi kwa kutegemea unyevu wa ardhi. Kinyungu cha msimu ni shughuli ya kudumu? Mkulima atasema si ya kudumu. Ofisa wa bonde, yaani msimamizi wa maji ya bonde la mto, atajibu kwamba inatosha ikiwa inaweza kudhuru ukingo, na wote wawili wana maneno ya kushika katika kifungu kilekile. Kwa maoni yangu, ugumu wa dhana nzima uko hapa. Ahadi ya maendeleo endelevu hufunga pamoja maji, chakula na kipato, ilhali kifungu kilibeba upande wa maji peke yake na kikanyamaza kuhusu mahali mwenye kinyungu atakapolima baada ya kuondolewa, ingawa kutokomeza njaa ni lengo la pili katika yale 17.

Pengo hilo huweza kuzibwa kwa kiasi chini zaidi, katika sheria ndogo, ambazo halmashauri ya kijiji huzipendekeza, mkutano mkuu wa kijiji huzijadili na halmashauri ya wilaya huzipitisha. Zinaweza kueleza mazao yanayoruhusiwa bondeni, miti inayotakiwa kuachwa kando ya mto na zamu za kumwagilia. Haziwezi, hata hivyo, kuruhusu kilichokatazwa na sheria ya Bunge. Kijiji kinachotaka kulinda vinyungu vyake ndani ya mita 60 kitalazimika kuonyesha, shamba kwa shamba, kwamba kilimo hicho hakidhuru ukingo.