Usardari: nafasi ya kiongozi wa kabila katika uasi wa Balochistan

Usardari ni uongozi wa kikabila wa Wabulushi wa Pakistan, ambao ndugu zao waliletwa Mombasa na Unguja zamani kama askari wa masultani wa Oman. Sardar hurithi cheo. Huamua kesi za damu, ardhi na maji, na huwasemea watu wake mbele ya serikali. Tangu miaka ya 1870 Waingereza waliitumia nafasi hiyo: afisa wao Robert Sandeman aliwapa masardar posho, nao wakalinda njia na kutuliza makabila yao.

Ukilielewa hilo, uasi wa Balochistan, jimbo la Wabulushi nchini Pakistan, dhidi ya serikali kuu hautakushangaza. Mtu ambaye dola inamtegemea awatulize watu ndiye huyo huyo anayeweza kuwainua, maana wapiganaji humtii yeye kabla ya serikali ya Islamabad.

Mfano ulio wazi ni Nawab (cheo cha heshima) Akbar Bugti, sardar wa kabila la Bugti. Gesi ya Sui iligunduliwa mwaka 1952 katika ardhi ya kabila lake, ikapelekwa miji ya mbali, na Quetta, makao makuu ya jimbo lenyewe, ikaipata miaka ya 1980. Bugti hakuanza kama muasi. Mwaka 1973 alikuwa gavana wa Balochistan, jeshi likipigana na makabila mengine ya jimbo hilo hilo, na baadaye akawa waziri kiongozi. Kufikia 2005 alikuwa upande wa pili, akidai mrabaha (mgawo wa mapato ya gesi) zaidi, ajira kwa wenyeji, na kambi mpya za jeshi zisijengwe. Wanasiasa walimfuata nyumbani kwake Dera Bugti kuzungumza, hawakufika mbali. Tarehe 26 Agosti 2006, akikaribia miaka 80, aliuawa pangoni Kohlu katika operesheni ya jeshi chini ya Jenerali Musharraf, mtawala wa Pakistan wakati huo.

Hakuwa mtetezi wa kila mtu. Koo za Kalpar na Masori, zilizogombana naye, zilifukuzwa katika ardhi yao. Hata hivyo naamini kumuua lilikuwa kosa kubwa, kwa sababu sardar anayeanzisha vita anaweza pia kuvimaliza: akiridhia, watu wake hushusha silaha. Baada yake uasi uliendelea, na ukashikwa zaidi na vijana wasomi wasiotoka koo za masardar, hasa kusini, Makran, ambako usardari ni dhaifu na hakuna mzee mmoja wa kuitwa mezani.