Konsoli ya katikati kwa boti kuukuu: porojo za ufuoni na ukweli wake

Kila mwenye kaboti ka faibaglasi kaliokaa miaka pale Dunga ama Usoma, fuo za Ziwa Victoria hapa Kisumu, siku hizi anataka kuondoa usukani pembeni ama kuachana na ule mkono wa injini (unaoshika nyuma kuiongoza boti) aweke konsoli katikati, yaani sanduku la kusimamia lenye usukani. Ni wazo poa, unasimama, unaona magugu maji mapema kabla yanase propela, na unavua ukizunguka boti yote. Shida ni vitu watu wanaambiana.

Kuna hii ya "ni sanduku tu, fundi yeyote wa soko la Kibuye atakuundia." Sanduku atakuundia ndio, na litapendeza, lakini kazi yenyewe iko kwa sakafu. Boti nyingi za zamani sakafu ni plaiwudi iliyofunikwa faibaglasi, chukua nyundo ugonge polepole kote, pazima panalia kavu, palipooza panalia butu. Ukifunga konsoli na skrubu juu ya mbao iliyooza, siku ya mawimbi wewe umeng'ang'ania usukani na uzito wako wote, inang'oka na wewe. Kata hiyo mbao mbovu, weka mpya, halafu tumia boliti za stenlesi zinazopita mpaka chini zikiwa na pleti pana upande wa pili. Na kila tundu litoboe kubwa kuliko boliti, jaza epoksi (resini ngumu ya kuchanganya), ikikauka toboa tena katikati yake saizi ya boliti, hapo maji hayafikii mbao. Silikoni ya dirisha haichukui nafasi ya hiyo kazi hata fundi akiapa.

"Lakini ziwa letu halina chumvi, mbao haiozi." Kinyume kabisa! Chumvi ndio inazuia kuvu wanaoozesha mbao, na maji baridi, sana sana ya mvua yanayotuama ndani ya boti, ndio wanayapenda. Chenye tumeponea ni kutu tu.

Ya tatu inachekesha kidogo, eti katikati ni katikati ya urefu. Hapana bana, katikati ni kati ya kushoto na kulia, mbele na nyuma inaamuliwa na uzito. Ukisogeza mbele sana boti inazamisha pua na kukugonga kwa mawimbi, ukirudisha nyuma sana pua inapanda na injini inahangaika kuinua boti. Unda konsoli ya katoni kwanza, boti ikiwa majini, weka mitungi ya maji ndani yake (wa lita 20 ni kilo 20, hesabu rahisi), simameni wawili, angalia boti imekaaje, na uone kama mtu anapita pembeni bila kujibana. Usisahau Victoria iko kama mita 1,134 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hivyo injini ya kawaida imeshapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kabla hujabeba chochote. So ile ya "mbao nene ndio imara" pia iache, plaiwudi ya milimita 12 yenye faibaglasi ndani na nje inatosha.

Resini, ile gundi ya maji inayoganda na kushikilia faibaglasi, nazo si zote sawa. Poliesta ni bei rahisi lakini haishiki vizuri kwa sehemu kuukuu, epoksi inashika, ila jua letu hili linaila, lazima upake rangi juu. Na usipake poliesta juu ya epoksi.

Umeme sasa. Watu wanatumia waya ya nyumba, ile ya shaba moja nzima, inatikisika na injini mpaka inakatika ndani na hujui ni wapi. Nunua ya nyuzi nyingi, fyuzi iwe karibu na betri, na betri isikae sanduku moja na tangi la petroli eti kuokoa nafasi, ikichajiwa inatoa haidrojeni, mvuke wa petroli nao unatuama chini, cheche moja tu na mmeisha.

Halafu hii karibu kila mtu anasahau: ukishatoka kwa mkono wa injini, ile kamba ya kuzimia injini ukianguka majini nayo lazima swichi yake ihamie kwa konsoli, huwezi kuiacha huko nyuma ambako hausimami tena.